Murajaa ya Kompyuta



Wapenzi wanafunzi na wazazi, mwaka jana tuliwakosea watoto wa darasa la pili. Tumeona ni vyema tueleze hapa ilivyokuwa, ili iwe fundisho kwetu sote.

Alama za mitihani yetu huhesabiwa na programu ndogo ya kompyuta aliyotuandikia kijana aliyewahi kusoma hapa. Tulipoongeza somo la Tajwidi kwa darasa la juu, tuliibadilisha wenyewe ili jumla igawanywe kwa 6 badala ya 5. Darasa la juu likatoka sawa, nasi hatukuangalia mengine. Kumbe darasa la pili, lenye masomo 5, nalo limegawanywa kwa 6! Binti mmoja mwenye jumla ya 260, aliyestahiki wastani wa 52, akaandikiwa 43, na kwetu kufaulu ni 50. Alilia mbele ya wenzake, nasi tukamwambia akazane. Kosa lilibainika siku ya nne, mama yake alipohesabu kwa kalamu.

Yule kijana alipokuja hakutulaumu. Aliuliza: "Ustadhi, mwanafunzi akitaka sura mpya, mnampa kabla hajawasomea za nyuma?" Tukajibu hapana, murajaa kwanza. Akasema waandishi wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, nao wana murajaa yao. Wametawanyika nchi mbalimbali, wengi hawajuani kwa sura. Basi mtu akileta badiliko, kompyuta maalumu hulichukua, huiunda programu upya na kuipitisha katika majaribio yote ya zamani bila kungoja kuamrishwa. Likifeli hata jaribio moja, hutokea alama nyekundu, na badiliko halipokelewi mpaka lirekebishwe. Miongoni mwa programu zinazosimamia kazi hiyo ni Jenkins, aliyoianzisha Mjapani Kohsuke Kawaguchi kwa jina la Hudson, ikabadilishwa jina mwaka 2011. Nayo SQLite, inayohifadhi kumbukumbu katika simu za Android, ina mistari ya majaribio zaidi ya mara 500 ya mistari ya programu yenyewe.

Hata hivyo, jaribio hushika lile tu lililoulizwa. Mwaka 2012 lilitoka toleo la OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano ya intaneti, likiwa na kosa ambalo majaribio yaliyokuwepo hayakulikamata. Lilikaa humo miaka 2, hadi lilipotangazwa Aprili 2014. Ndiyo maana desturi yao njema ni hii: kosa likigunduliwa, huandikwa jaribio la kulinasa, lisije likarudi kimyakimya.

Nasi tulifanya vivyo hivyo. Jaribio la kwanza la programu yetu sasa lasema: masomo 5, jumla 260, wastani lazima uwe 52. Na yule binti tulimwomba radhi mbele ya darasa lake, kwa kuwa mbele ya darasa hilo ndipo tulipomvunjia heshima.

Wanafunzi wetu, mnapochoka kurejea juzuu za nyuma, msidhani kuwa hatuwaamini. Aliyeongeza somo moja bila kurejea yale matano ni sisi walimu wenu.

Wabillahi tawfiq.