Faida ya kuku imo guniani

Msomaji, siku hizi huwezi kupita alfajiri katika mitaa ya Rongai, Githurai au Kahawa bila kusikia majogoo wakiwika. Maisha yamepanda, na kila mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba anatamani yai lisilonunuliwa. Kwetu Rongai tuna kuku 10 wa kutaga, vitalu viwili vya mimea ya kunukia na mama mkwe, ambaye ndiye msimamizi wa mradi huo wote. Wengi huniuliza kama kuna faida. Huwajibu kwamba faida ya kuku haimo kiotani, imo guniani.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kuku mmoja wa kutaga hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 10 basi watakula kilo 1.2, na gunia la kilo 70 litawatosha siku 58 hivi. Wakitaga mayai 6 kwa siku, gunia hilo litakupa mayai 348, yaani trei 11 na ushei. Wakitaga 3 tu, hutafikisha trei 6, ilhali gunia umelilipia pesa zile zile.

Jambo hilo tuliliona kwa macho wakati mmoja mayai yetu yaliposhuka kutoka 6 hadi 3 katika muda wa majuma mawili. Kitinda mimba wetu, aliyezoea yai lake kabla ya kwenda shule, akawa ananiuliza kila asubuhi kama leo ni zamu yake au ya kakake. Mume wangu alidhani ni ugonjwa. Mama mkwe aliwashika kuku mmoja mmoja, akawapapasa vifua, akasema: “Wanangu, hawa si wagonjwa. Hawa wana njaa na matumbo yamejaa.” Akachota chakula kutoka gunia jipya, akakikoroga katika glasi ya maji na kukiacha kitulie. Mchanga ukatua chini, kimo cha kidole kizima. Tulipomwendea mwenye duka, alitwambia kwamba yeye huuza tu, hasagi.

Tangu siku hiyo, nyumba tano za hapa kwetu hununua pamoja kwa mwenye kinu wa mtaani. Hutufungulia magunia kabla ya kusaga: mahindi, pumba, mashudu, omena na chokaa, kisha huongeza mchanganyiko wa vitamini na madini. Sisi hushika na kunusa. Omena yenye mchanga hurudi ilikotoka. Mahindi yenye ukungu hurudi pia, na hapo hatuna mzaha. Mnamo 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyoota kuvu, na uchunguzi wa mkasa huo ndio uliowafunulia wanasayansi sumu iitwayo aflatoksini. Wala hatuhitaji kwenda ng’ambo kutafuta mfano. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 katika iliyokuwa mikoa ya Mashariki na Kati, hasa Makueni na Kitui. Mahindi yasiyofaa sufuria yako hayamfai kuku wako.

Upande wa mimea, mchaichai, nanaa na rosemari hutupunguzia gharama ya viungo vya chai na mchuzi. Mama mkwe huvuna asubuhi umande ukishakauka, akafunga vishada vidogo na kuvitundika kichwa chini kivulini, mahali penye upepo. Jua kali hufukuza harufu na kupausha majani. Jani likivunjika vidoleni kama karatasi kavu, huingia katika chupa yenye kifuniko cha kukaza. Lenye unyevu likiingia, huota ukungu na kuharibu chupa nzima.

Lakini majani yana mpaka wake, na hapa ningependa unisikilize kwa makini. Jirani yetu mmoja, mjane anayelipa karo kwa pesa za mayai, aliambiwa kwamba shubiri na mwarobaini katika maji ya kunywa hukinga kideri, ugonjwa ambao wataalamu huuita Newcastle. Kideri kilipoingia mtaani, kuku wake 30 walikwisha katika siku nne. Muhula ulipofunguliwa, mwanawe wa kidato cha pili alibaki nyumbani.

Ugonjwa huo huletwa na virusi na hauna tiba. Kinga yake ni chanjo, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja aghalabu hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa lazima itumike upesi. Kwa hivyo majirani wakichanga na kuchanja siku moja, kila nyumba hutoa pesa kidogo sana. Jirani yetu sasa yumo katika mchango huo, ameanza upya na vifaranga wachache. Na mama mkwe, ambaye hakuna anayeyaamini majani kumshinda, ndiye humshika kila kuku siku ya chanjo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari la shule, uandike tarehe ya kila gunia, jina la aliyekuuzia, siku ya chanjo na mayai ya kila siku. Kazi hiyo mpe mtoto; kwetu huifanya yule yule wa kuuliza zamu. Mayai yakipungua, utajua uanzie wapi kuuliza.

Basi msomaji, ukishapata ruhusa ya mwenye nyumba na kuongea na majirani kuhusu harufu na kelele, usikimbilie vifaranga. Tembea kwanza mtaani ukamtafute mwenye kinu atakayekubali kukufungulia gunia uone kilichomo. Akikataa, endelea kutembea.