Pete Tatu za Brighton

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kufika Brighton, mji wa pwani kusini mwa London, usiishie ufukweni. Ingia katika kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Humo utaona sanamu ya mama aliyepiga magoti, ana pete tatu za ndoa kidoleni.

Ndiye Maria Fitzherbert. Pete mbili ni za waume waliofariki. Ya tatu ilikuwa ya siri.

George, mwana wa mfalme, alimpenda. Lakini sheria ilimnyima kiti mrithi aliyeoa Mkatoliki. Maria akakataa kuwa hawara. Basi tarehe 15 Desemba 1785 wakafunga ndoa kwa siri nyumbani kwake London, mbele ya mashahidi wawili.

Mwaka 1787 rafiki wa George aliikana ndoa hiyo Bungeni. Mwaka 1795 George akaoa tena, binti wa ukoo wa kifalme. Maria akapeleka shauri lake Roma, akajibiwa kwamba ndoa yake ni halali. Hati alikuwa nayo, lakini hakuitangaza.

George alikufa mwaka 1830, akazikwa na picha ndogo ya Maria shingoni. Maria alimfuata mwaka 1837, mwaka ambao Victoria alianza kutawala. Sheria ile iliondolewa mwaka 2015 tu.

Enyi wazazi, binti yenu akiambiwa, “Nakupenda, ila watu wasijue,” msimulieni habari ya pete ya tatu.