Ngazi za Pointe du Hoc

Twasimama pwani ya Normandie, Ufaransa, mbele ya jabali refu la mita 30 hivi. Tarehe 6 Juni 1944 askari Waamerika wapatao 225 walilipanda chini ya risasi. Walileta motokaa 4 za DUKW, ziendazo majini na nchi kavu, kila moja imefungiwa ngazi ya wazima moto wa London. Moja ilizama njiani; nyingine zilizuiwa na mashimo ya mabomu. Ngazi moja iliinuliwa palepale majini: askari aliyekuwa kileleni akayumba kama mchikichi katika tufani. Wenzake walipanda kwa kamba. Kimo kikiongezwa, msingi nao hauna budi kuimarishwa. Tuwaombee marehemu wa pande zote mbili.