Sare si Hirizi

Hapa Mpanda muuguzi aliyevaa sare nyeupe hasimamishwi mara nyingi, na akisimamishwa hacheleweshwi. Trafiki ananyoosha mkono, bodaboda inapunguza mwendo, kisha macho ya askari yanampita dereva na kutua kwenye gauni jeupe la abiria aliyekaa nyuma. Mkono uleule uliosimamisha sasa unapunga: "Pita, sista. Wahi kazini." Helmeti haiulizwi. Leseni ya yule kijana haiulizwi. Pikipiki inaondoka, na abiria anasema "Asante, afande" bila kugeuza kichwa.

Nimefanya kazi ya uuguzi huku tangu tulipokuwa bado sehemu ya Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Nimeliona jambo hili Makanyagio, nimeliona Kawajense, nimeliona kwenye barabara ya kwenda Sitalike. Limezoeleka kiasi kwamba muuguzi mgeni huambiwa na wenzake wiki ya kwanza: ukiwa na haraka, toka nyumbani umeshavaa. Sare inafungua njia.

Nimeombwa niandike juu ya imani na kazi yangu, nami nimechagua jambo hili dogo la barabarani. Wapo watakaosema si la kanisani. Mimi naona ni la kanisani kabisa, kwa sababu linahusu heshima tunayopewa, tunavyoitumia, na nani anayeilipia.

Kwanza tusiwalaumu askari. Anayempungia muuguzi mkono mara nyingi hana nia mbaya. Huenda mkewe alijifungulia mikononi mwetu. Huenda yeye mwenyewe aliletwa kwetu na malaria kali, hajitambui, akaondoka na miguu yake. Hana zawadi ya kutupa, ila ana barabara. Anatoa alicho nacho. Huo ni wema, na wema haufai kudharauliwa.

Lakini wema nao unahitaji macho. Mwenzetu mmoja wa wodi ya wazazi alikuwa akija kupokea zamu ya usiku. Alivaa sare, alipanda bodaboda, hakuvaa helmeti. Askari akawasimamisha, akaona gauni, akawaruhusu. Hawakufika mbali. Baiskeli iliyobeba mkaa ilikatiza bila taa, kijana akaikwepa, pikipiki ikalala. Kijana alichubuka mikono. Dada yetu aliangukia kichwa. Tulimpokea kwa machela ileile ambayo yeye angeisukuma usiku ule, na kabla ya asubuhi tukamsafirisha kwenda hospitali ya rufaa ya kanda. Tunamshukuru Mungu, alirudi hai. Ila ilichukua miezi mingi kabla hajaweza kuhesabu matone ya dripu bila kupotea katikati.

Siku chache baada ya ajali, yule askari alikuja wodini na mfuko wa machungwa. Alidhani majeruhi bado yupo kwetu. Alipoambiwa amepelekwa mbali, alikaa kwenye benchi la nje, kofia mkononi, akasema, "Mimi nilidhani namheshimu." Hakuna aliyemjibu. Tukampa maji ya kunywa, akaondoka. Machungwa aliyaacha, tukawagawia wagonjwa.

Neno lake nimelibeba. Alidhani anaheshimu, kumbe aliheshimu kitambaa akakisahau kichwa. Sheria ya helmeti haikutungwa kwa ajili ya kumsumbua mtu mwenye haraka. Ilitungwa kwa sababu lami haijui nani ni muuguzi. Sisi tunaofanya kazi wodini ndio tunaojua hilo kuliko wengine wote, kwa kuwa tunawafunga bandeji vijana wa bodaboda na abiria wao kila mwisho wa wiki.

Ndipo nikaanza kuiita sare inayotumiwa hivi hirizi. Wazee wetu wanaijua hirizi, na Kanisa limetufundisha kuiacha. Ubaya wa hirizi hauko kwenye kile kipande cha ngozi wala uzi. Ubaya uko kwenye tumaini. Anayeivaa anaamini kwamba kitu kilichofungwa mwilini kitamlinda hata asipobadili mwenendo, hata asiposali, hata asipotenda haki. Hirizi haimdai mtu chochote. Sare inadai. Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo. Gauni letu ni ukumbusho wa kiapo kile. Likigeuka kuwa kitu cha kutuondoa kwenye sheria inayowabana wengine, tumelishonea hirizi ndani.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Wema wa barabarani haubaki barabarani. Unakwenda hospitali siku moja na kudai malipo. Asubuhi ya kliniki benchi limejaa. Yupo mama ametoka Katumba na mtoto mgongoni, amefika kabla ya jua kuchomoza. Yupo mzee kutoka Mishamo, ameshalala mjini usiku mmoja ili awahi. Halafu anaingia mtu mwenye sare yake, au mke wake, au shemeji yake, anasimama mlangoni na kutabasamu: "Sista, unanikumbuka?" Unamkumbuka. Alikupitisha juzi. Unafanyaje? Katika vituo vingi jibu linajulikana: anaingia. Hakuna fedha iliyotoka mfukoni, hakuna mtu wa kushtakiwa, hata neno rushwa linaonekana kubwa mno. Lakini deni limelipwa, na aliyelilipa ni yule mama wa Katumba, ambaye katika ukoo wake hakuna mwenye sare yoyote. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Kwa miaka mingi wameishi kwa kuonyesha karatasi kila walipokwenda. Yeye anajua vizuri kuliko mimi maana ya kusimamishwa.

Hapo niligundua kwamba na sisi wauguzi tuna kizuizi chetu. Mlango wa wodi ni kizuizi. Dirisha la mapokezi ni kizuizi. Mgonjwa anatukaribia akiwa na uoga uleule ambao dereva anamkaribia nao trafiki: anapapasa mfukoni kutafuta karatasi, anapunguza sauti, anatafuta jina la mtu anayemfahamu. Tukitaka kujua askari anapaswa kuwaje, tujiulize tunavyosimama mlangoni petu.

Mtu asinielewe vibaya, akadhani nasema kila mtu asimamishwe sawasawa hata kama mgonjwa anakufa. Majirani zetu wamelipitia hilo wakati wa korona. Machi 2020 Uganda ilisimamisha usafiri wa umma, na siku chache baadaye magari binafsi. Mgonjwa aliyetaka kwenda hospitali kwa gari alitakiwa kwanza apate kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. Uchungu wa kuzaa haungoji kibali. Wanawake walitembea kwa miguu usiku kutafuta wakunga, na wapo waliopoteza maisha. Mwezi uliofuata Rais Museveni alitangaza kwamba wajawazito wasafiri bila kibali. Kenya nayo ilianza amri ya kutotoka nje usiku tarehe 27 Machi 2020. Watu wa afya waliruhusiwa kupita, lakini nguvu iliyotumiwa na polisi siku zile za mwanzo ilimfanya Rais Kenyatta awaombe wananchi radhi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, polisi walifunga barabara ya Thika jijini Nairobi saa ya amri ilipofika, na magari ya wagonjwa yakakwama kwenye foleni pamoja na kila mtu. Kule tatizo lilikuwa kinyume cha letu. Sheria ilishikwa kwa nguvu hadi ikasahau iliwekwa kwa ajili ya nani.

Bwana wetu alilisema hilo alipoulizwa juu ya Sabato, na aliponya siku ya Sabato mbele ya waliokuwa wakimtazama kwa jicho baya. Aliweka uhai wa mtu mbele ya kanuni. Lakini tuangalie vizuri: hakuivunja Sabato kwa ajili ya starehe yake. Yule mwenye mkono uliopooza ndiye aliyefunguliwa njia.

Hapo ndipo ninapoona kipimo. Njia inafunguliwa kwa ajili ya mgonjwa. Haifunguliwi kwa ajili ya nguo ya anayemhudumia. Tukishika hilo, mambo mengi yananyooka yenyewe.

Chukueni mfano wa m-mama, mpango wa Serikali wa kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye hatari. Watu wanapiga namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likiwa mbali au halipo, anaitwa dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe. Mnamjua mtu wa namna hiyo. Ana fulana iliyopauka na kandambili, gari lake lina vumbi la safari nzima, na kwenye kiti cha nyuma kuna mama anayetokwa damu, wifi yake amemshika. Huyo hana sare hata kidogo. Lakini usiku ule yeye ana haki ya barabara kuliko mimi niliyevaa nyeupe nikirudi nyumbani kulala. Askari aliyezoea kuangalia nguo atampungia muuguzi na kumsimamisha dereva huyu. Askari aliyezoea kuangalia mgonjwa atafanya kinyume, na atakuwa ameokoa watu wawili.

Katika Maandiko yupo mtu ninayempenda kwa ajili ya jambo hili, naye ni Nehemia. Aliposafiri kwenda Yerusalemu alimwomba mfalme barua za kuwaonyesha watawala wa ng'ambo ya Mto wamruhusu kupita. Hakuona aibu kuziomba, kwa sababu kazi ilikuwa ya watu na mji ulikuwa umebomoka. Lakini soma mbele hadi sura ya 5. Mtu huyohuyo, akiwa liwali kwa miaka 12, hakula posho ya chakula iliyokuwa haki ya cheo chake. Anaeleza sababu: watu walikuwa wamelemewa, naye alimcha Mungu. Barua alizitumia kujenga ukuta. Posho aliiacha. Alijua kutofautisha kibali cha kazi na faida ya cheo, na naamini hiyo ndiyo hekima inayotakiwa kwa kila mtu aliyevaa sare katika nchi yetu, awe wa hospitali, wa polisi au wa madhabahuni.

Na askari wenye moyo wasidhani Injili imewasahau. Katika Luka sura ya 3 askari walimwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache uaskari. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimshtaki mtu kwa uongo, na waridhike na mshahara wao. Barabara ya Mpanda ingebadilika sana kwa maneno hayo machache, na wodi pia.

Mkoa huu umewahi kuwa na tabibu ambaye hakuwa na cheo cha kumfungulia njia. Adrien Atiman alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomea utabibu Malta. Miaka ya mwisho ya 1880 alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, akiwa katekista na tabibu. Hakuondoka. Aliwatibu watu wa mwambao ule kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956, na leo hospitali ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Mtu aliyewahi kuuzwa kama mzigo angeweza kudai heshima kwa kila njia. Yeye alipata heshima kwa kubaki mahali pamoja na kumwona kila mgonjwa aliyeletwa. Kama kuna kitu kilichompitisha katika vijiji vile, ni kwamba watu walijua anakwenda kwa nani.

Basi kwa wenzangu wauguzi naomba mambo matatu. Tuvae helmeti, na kijana asiye na ya abiria tusimpande. Sare tuibebe kwenye mfuko tuvalie kazini. Tunajua vizuri kwamba vimelea vya wodini havifai kupelekwa sokoni wala kwenye mikono ya watoto wetu, na njiani tutakuwa watu wa kawaida kama wengine. Na siku tukiitwa kweli usiku, mama anatokwa damu na daktari anasubiri, tusinyamaze tukaiachia nguo iseme. Tutoe kitambulisho na kusema ukweli: "Afande, nina mgonjwa." Neno hilo likisemwa tu pale ambapo mgonjwa yupo, litaaminiwa.

Kwa askari mnaosali nasi: tusimamisheni. Tuulizeni helmeti kwa sauti ya upole, kama mnavyotaka sisi tuwaulize wake zenu maswali wodini. Mkiona gari bovu lenye mama anayegugumia kwa maumivu, hilo ndilo mlipungie mkono, hata kama dereva hana viatu.

Na kwenu wengine mnaokaa kwenye benchi la kliniki: mkiona mtu anapitishwa mbele yenu kwa sababu ya nguo yake, ulizeni kwa adabu kama anaumwa kuliko ninyi. Kama ndiyo, mpisheni kwa moyo. Kama siyo, mna haki ya nafasi yenu. Muuguzi mcha Mungu hatachukia swali hilo.