Jawabu kwa Vina vya Mwenyewe

Washairi wa pwani wanalijua sharti la majibizano. Anayejibu hujibu kwa bahari ile ile na kwa vina vile vile alivyopigiwa, na anayevikimbia vina vya mwenziwe huhesabiwa ameshindwa kabla hajasema neno. Sikio la msikilizaji limekwisha kuyazoea mapigo ya kwanza. Jawabu linapokuja na mapigo hayo hayo, humwingia kwa urahisi, na huwa limeshamkaa moyoni ndipo atanabahi kwamba maana yake imegeuzwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu waliishi zama ambazo malumbano ya namna hiyo yalikuwa silaha ya miji, na miji yao miwili ilivutana mpaka ikafika kwenye vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19.

Sharti hilo, bila ya kujua kwamba lina wenyewe huku kwetu, lilichukuliwa na jarida la Adbusters, lililoasisiwa Vancouver nchini Kanada mwaka 1989 na Kalle Lasn, mzaliwa wa Estonia, pamoja na mwenziwe Bill Schmalz. Kisa chake kinafaa kusimuliwa. Makampuni ya mbao ya jimbo la British Columbia yalikuwa yakitangaza katika televisheni jinsi yanavyoitunza misitu. Mabwana hao wawili wakatengeneza tangazo lao la kujibu, wakaenda kununua muda katika shirika la utangazaji la taifa, CBC, kama anavyonunua mtu mwengine yeyote. Wakakataliwa. Aliyeuza mbao aliruhusiwa kununua dakika za hewani. Aliyetaka kuuliza habari za miti hakuruhusiwa hata kwa fedha yake halali. Ni kama mlumbaji aliyetukanwa ukumbini, kisha alipoinuka kujibu akaonyeshwa mlango. Jarida likazaliwa nje ya ukumbi huo.

Anayelifungua jarida hilo hukutana na kurasa zinazong'ara: picha safi, herufi za kupendeza, nafasi nyeupe ya kupumzisha macho. Jicho hulainika. Chupa ya pombe ya Absolut, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitangazwa wima na maneno mawili tu chini yake, imo humo na mwanga wake ule ule, ila imelegea na kupinda shingo, na neno la pili limekuwa uhanithi. Ngamia wa sigara za Camel, yule Joe aliyekuwa kijana wa starehe mwenye miwani na vimwana, mwaka 1996 alionekana amevaa kanzu ya wagonjwa, akaitwa Joe Chemo, jina la dawa ya saratani. Manukato ya Calvin Klein yaitwayo Obsession yaliwekewa picha ya mwanamwali mwembamba aliyeupa msomaji mgongo, na kwa mtazamo wa kwanza ni urembo mtupu; ukikaza macho ndipo unapoona kwamba ameinamia choo. Bendera ya Marekani nayo iling'olewa nyota zake, mahali pake pakapandwa nembo za makampuni.

Pana jambo jengine ambalo halionekani upesi. Jarida la kawaida lina mapatano ya kimya na msomaji wake: huku habari, huku tangazo, na viwili hivyo hukaa kama majirani wasioulizana. Makala ya afya itapakana na tangazo la soda na hapana atakayeshtuka. Msomaji amefunzwa kuruka. Adbusters haichukui tangazo la kulipiwa hata moja, na kwa hiyo kila ukurasa wenye sura ya tangazo ni ukurasa wa kujibu. Mipaka imevunjwa, na msomaji hajui tena wapi pa kuruka. Inambidi asome. Wenye Absolut walipotishia kwenda mahakamani mwaka 1992, jarida liliwaita kwenye mjadala wa hadhara kuhusu pombe na matangazo yake, na vitisho vikaisha. Vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani vilikataa kuwauzia muda wa kutangaza Siku ya Kutonunua Kitu, iliyobuniwa Vancouver mwaka huo huo wa 1992. Na ni jarida hili lililotoa, mwaka 2011, bango la mcheza densi aliyesimama juu ya fahali la shaba, likawaita watu Wall Street tarehe 17 Septemba. Watu wakaenda.

Hata hivyo jawabu la vina lina gharama yake, na kila malenga anaijua: humpa uhai yule anayejibiwa. Mwenye kuugeuza ubeti wa adui huufanya ukumbukwe zaidi. Watengenezaji wa matangazo nao hawakulala. Walijifunza kujicheka wenyewe kabla hawajachekwa, na kejeli ikawa rangi nyengine katika makopo yao. Adbusters wenyewe, katika miaka ya 2000, waliuza viatu vyao, Blackspot, vyenye doa mahali pa nembo, na wako wasomaji waliouliza doa lina tofauti gani na nembo. Swali hilo lilikuwa la haki, lakini si kubwa sana. Kubwa ni kwamba mzaha wote huo unamtaka msikilizaji aliyeisikia beti ya kwanza mara elfu moja, na aliyekwisha kukinai. Siku ya Kutonunua Kitu ni mwaliko kwa mwenye uwezo wa kununua. Wako wengi wanaoiadhimisha bila ya kualikwa, na siku zao hazihesabiki.

Baadhi yao wanaishi Igogo. Hii ni kata ya wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, baina ya ziwa na vilima vya mawe, na anayeingia mjini kutoka Mkuyuni hupita chini yake. Kando ya barabara kuu, maduka yamepakwa rangi za makampuni ya simu, za soda, za sabuni. Mwenye duka hupata ukuta mpya bila ya kutoa senti, na kampuni hupata ukurasa. Fundi huja na ngazi na uzi wa kunyooshea mstari, akaanza kwa kupaka alichokichora fundi aliyemtangulia. Kampuni moja iliitwa Celtel. Mwaka 2008 ikawa Zain, mwaka 2010 ikawa Airtel, na kila mara kuta zilipakwa upya. Tigo ilibadili jina ikawa Yas mwaka 2024, na mafundi wakarudi kwenye ngazi. Mvua za masika zikipiga, rangi ya juu hubanduka na jina lililokufa huchungulia. Ukuta wa namna hiyo hujikejeli wenyewe bila ya kumsubiri mhariri wa Vancouver. Ukipanda kilimani, ambako nyumba zimeshikana na miamba na njia ni za miguu, matangazo hupungua kisha hutoweka. Huko hapana gari linalopita.

Lakini bidhaa iliyompeleka Igogo duniani haikuchorwa kwenye kuta hizo. Ni sangara, samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, akala furu na wengine wengi, kisha akawa mali. Viwanda vya minofu vilisimama ufukweni, Igogo ikiwamo, na minofu ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Soko hilo lilionja misukosuko yake: Umoja wa Ulaya uliwahi kulifunga mwaka 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa habari za sumu iliyotumika kuvulia. Huko Ulaya mnofu huuzwa mweupe, hauna mwiba, hauna jicho. Kilichobaki kiwandani, yaani kichwa na uti wa mgongo wenye nyama ya kubandua, hapa huitwa panki. Mapanki hukaangwa, huanikwa, huuzwa kwa mafungu, na nyumba nyingi za Mwanza zimelelewa nayo. Panki ni upande wa tangazo usiochapwa.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, aliuchapa upande huo. Filamu yake Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, iliufanyia mnofu yale ambayo Adbusters waliifanyia chupa: aliuchukua mnofu ule ule mweupe, akauweka karibu na rundo la mapanki, na watoto wa mitaani, na marubani wa ndege za mizigo, na swali la silaha. Ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huo huo ikawa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kushindania Oscar. Baadhi ya Wafaransa wakaanza kumsusia sangara. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akiwa Mwanza, aliilaani filamu hiyo, na mwezi wa Agosti wakazi waliandamana kuipinga. Mwandishi wa habari wa Mwanza aliyezungumza ndani yake aliandamwa na vyombo vya dola. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi katika kesi ya kukashifiwa.

Kelele zilikuwa kubwa, na ndani yake lilipotea swali dogo: mkaanga panki aliulizwa nini? Katika filamu, mapanki yenye funza yanaonekana kama hukumu. Kwa mwenye karai yake, samaki aliyeoza hutupwa kama anavyotupwa samaki aliyeoza popote, na aliye mzima ni kitoweo, ni ada ya shule, ni kazi inayoanza kabla ya alfajiri. Aliyemsusia sangara Paris hakumpunguzia taabu. Kama kiwanda kingefunga, panki lingekosekana la kwanza. Hata hivyo waliojifanya mawakili wake hawakumtetea yeye. Walitetea sura ya nchi, nayo ni tangazo vile vile. Huyu alimweka katika picha, yule akataka kumtoa, na wote wawili walizungumza kwa vina ambavyo yeye hakuvitunga. Filamu ilisema kweli iliyofichwa, na ni afadhali ilisema. Ila jawabu lililotungwa kwa niaba ya mtu aliye kimya humwacha kimya.

Ndiyo maana jarida dogo la Si Mchezo!, lililoanzishwa na Femina mwaka 2003 kwa ajili ya vijana wa vijijini, linastahili kutajwa hapa hata kama halikukusudia kumjibu muuza sabuni. Picha-hadithi zake, zenye mapovu ya maneno kama ya majarida ya mapenzi, ziliwapa nafasi ya nyota vijana wa kawaida kusimulia mambo yao. Gharama zililipwa na wafadhili, na hilo lina mashaka yake.

Wanawake wa pwani hawakungoja mfadhili. Kanga ni bidhaa, na jina lake huchapwa na mfanyabiashara ili iuzike. Mali ya Abdulla ni chapa ya duka la Mombasa kabla ya kuwa kitu chengine. Lakini anayeinunua humpelekea maneno yale jirani, au wifi, au mume, na tangu hapo mfanyabiashara hana lake. Mwanza nako kanga husomwa.

Na katika maduka yale yale ya Igogo yaliyopakwa rangi, jawabu huandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha boksi. Nje, ukuta humwita mpita njia akope kwa simu. Mikopo ya namna hiyo ilishika kasi baada ya M-Pawa ya Vodacom kuanza mwaka 2014, na herufi zake ni kubwa na za kukaribisha. Ndani, juu ya mizani, karibu na vocha na mafungu ya dagaa, mwenye duka amebandika maneno yake: MKOPO KESHO. Mwengine ameongeza methali, kukopa harusi, kulipa matanga. Aghalabu mwenye boksi ndiye huyo huyo wakala wa kampuni iliyoko ukutani, na hapati tabu kuvisimamia vyote viwili. Mteja husoma cha nje akija, na cha ndani akisubiri chenji.