Meli na Ukingo

Imperial War Museum ya London inahifadhi picha za mabaki ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwetu, kwenye delta ya Rufiji, hadi Waingereza walipoipiga mizinga na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha tarehe 11 Julai 1915. Mojawapo nimeitazama mara nyingi. Meli imelalia ubavu mtoni, nyuma yake mikoko. Kila mara kifua hunibana, nami hukaa kimya.

Ndivyo picha zinavyotazamwa huku ugenini ninakoishi. Kwenye maonyesho watu husimama mbali kidogo na ukuta, husoma maelezo, husogea. Anayeguswa hujikaza. Aprili 2024, mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti, nilitumiwa picha ya mapaa yaliyozingirwa na maji nikiwa ndani ya treni. Nililia. Jirani yangu akageukia dirishani, na sidhani alikuwa na roho mbaya. Alinistahi kwa namna anayoijua.

Nilipokwenda likizo kwetu Nyamisati, nilimwonyesha bibi ile picha ya meli kwenye simu. Nilidhani ataulizia vita. Akaisogeza karibu na macho, akaita majirani, na kabla sijaeleza lolote baraza zima lilikuwa likiibishania. "Maji yamekupwa hapo," alisema bibi, "tazameni tope." Mmoja akauona mkoko aina ya mlilana, mwingine akakataa katakata: ule ni mchu. Wakaulizana mto huo ni upi, na ukingo wake siku hizi umeliwa kiasi gani. Meli yenyewe waliipita kama gogo. Kisha bibi akagusa kioo kwa kidole.

"Na watu wetu siku hiyo walikuwa wapi, mjukuu wangu?"

Nilijua mizinga mikubwa kumi ya meli iliopolewa ikakokotwa kwenda kupigana nchi kavu, na kwamba mmoja uko Mombasa, Fort Jesus. Habari za waliokuwa wakiishi kwenye ule ukingo sikuwa nazo, na miaka yote niliyoitazama picha sikuwahi kuziuliza. Hilo liliniuma kuliko meli.

Kesho yake nilipanda gari hadi Kibiti mjini, nikaisafisha picha kwa ukubwa wa daftari. Bibi akaniamuru niandike nyuma yake. Nikaandika: maji kupwa; mlilana au mchu. Chini akaniambia niache nafasi ya majina, maana kuna mzee huko Salale ambaye kwanza anataka akamuulize.