Boksi Linashika Waifai, Picha Haiji

Ndugu zangu wa Sumbawanga, Laela, Matai na Ufipa yote, nawaandikia kutoka Glasgow.

Huku Jumapili jioni ndiyo saa ya kupiga simu nyumbani. Zamani tulikuwa tukiulizwa habari za kazi na baridi. Siku hizi, hata kabla salamu hazijaisha, unasikia: "Mwanangu, lile boksi ulilotuma limegoma tena." Ni kile kiboksi cha kuchomeka kwenye TV ili wazee wafuatilie misa na kuona picha za wajukuu kwenye kioo kikubwa. Yupo bibi ambaye hajawahi kumpakata mjukuu wake aliyezaliwa huku. Anamwona kwa njia hiyo tu. Ndiyo maana leo naliandikia boksi barua nzima.

Wengi huanza kwa kulaumu bando. Wananunua jingine, na hali inabaki ileile. Tujue kwanza njia imekatika wapi: kati ya boksi na ruta, humohumo ndani ya nyumba, au kati ya ruta na mnara wa simu. Chukua simu, zima data yake, iunganishe na waifai ya ruta hiyo, kisha fungua video. Ikicheza, bando na mnara ni vizima, kwa hiyo shughulika na boksi. Ikigoma, boksi halina kosa.

Tuanze na ukuta kati ya boksi na ruta. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, na mimi hapa naishi kwenye jengo la zamani la mawe, kwa hiyo ukuta naujua. Ruta nyingi hurusha waifai kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Haya ya 5 yana kasi lakini ukuta huyadhoofisha upesi, ya 2.4 hupenya zaidi. Ukiona majina mawili, moja likiishia na 5G, usilikimbilie ukidhani ni ile 5G ya simu. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Boksi likiwa chumba kingine, chagua lile jina jingine. Na jamani, ruta isifungiwe kabatini pamoja na vyombo vya wageni! Iwekwe juu, mahali pa wazi, mbali na jokofu, maana chuma huzuia mawimbi.

Juzi mpwa wangu wa Katandala alinielekezea kamera ya simu kwenye TV. Waifai imeshika vizuri, simu yake inacheza video kwa ruta hiyohiyo, ila kila programu ya boksi inakataa. Nikamwomba afungue mipangilio, aangalie tarehe na saa. Boksi liliamini tuko Januari 2015.

Usiku umeme ulikatika, na maboksi mengi ya bei nafuu hayana betri ya kutunza saa. Sasa, huduma nyingi za mtandaoni huonyesha hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Boksi lililorudi 2015 likiiona hati ya mwaka huu, linahesabu kwamba haijaanza kutumika, na linakataa kuendelea. Kwa kawaida boksi huuliza saa lenyewe mtandaoni. Lakini umeme ukirudi, boksi huweza kuwaka kabla ruta haijapata mnara, likauliza na kukosa jibu. Mpwa wangu akaingiza tarehe kwa rimoti, na programu zikafunguka palepale. Tangu hapo tumekubaliana: umeme ukirudi, ruta iwashwe kwanza, taa yake ya intaneti itulie, ndipo boksi liwashwe.

Bando nalo lina haki yake. Huku nyumba nyingi hulipia laini kwa mwezi na kutazama bila kuhesabu, na sisi tunasahau kwamba video ya HD huweza kula gigabaiti 3 kwa saa. Mtumaji ashushe ubora hadi 480p kabla hajafunga mzigo. Asimwachie mama kazi hiyo.

Na kwenu mlioletewa maboksi kutoka Marekani, yale ambayo hayalioni kabisa jina la waifai wakati simu zote za nyumbani zinaliona: waifai ya 2.4 imegawanywa kwa chaneli. Vifaa vya soko la Marekani kwa kawaida huishia chaneli ya 11, ilhali ruta za nchi nyingine nyingi hufika 13. Ruta ikijichagulia 12 au 13, boksi hilo halina habari nayo. Ingieni kwenye mipangilio ya ruta, muondoe uchaguzi wa otomatiki, muweke 1, 6 au 11. Anwani ya kuingilia na nywila mara nyingi vimebandikwa chini ya ruta yenyewe.

Wasalimieni wazee wote.

Ndugu yenu, Glasgow